Giza la Uani Kwetu

"Umezikata nyota zangu katikati," nilimwambia, nikavimwaga vipande vya filamu juu ya kaunta yake kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza.

Mwenye studio aliweka mkasi chini, akavaa miwani, akainua kipande kimoja kuelekea dirishani. Mtaani tulimwita Bwana Giza, kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyebaki na chumba cha giza cha kusafishia filamu, wakati wenzake wote walishahamia kwenye simu na kompyuta. Mtu mrefu, mpole, mwenye vidole vya rangi ya chai kwa sababu ya zile dawa za kusafishia. Nilikuwa nimeingia dukani kwake labda mara tatu maishani, zote kwa picha za paspoti, na zote tatu nilitoka na sura ya mtu aliyeibiwa.

"Mama Kidoti," akasema, "humu hamna nyota. Humu mna mikwaruzo. Nikafikiri kamera yako inakwaruza filamu. Hata nilikuandikia juu ya bahasha, hukuona? 'Kamera ipelekwe kwa fundi.'"

"Hiyo mikwaruzo ndiyo picha!"

Akageuka kunitazama. Kisha akaitazama tena filamu, safari hii kwa kuibana karibu na jicho.

Yeye alizoea nyuso na maharusi. Filamu ya mahali pasipo na mwanga hutoka angavu kama kioo, na pale mwanga ulipogusa hubaki weusi. Nyota zangu, kwa kutembea polepole, zilikuwa zimechora mistari myeusi myembamba kama nywele. Yeye akaona filamu tupu yenye mikwaruzo. Hakuona picha moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi, basi akaweka rula yake kwa kukisia, akakata, chap, chap, chap. Picha zangu zote nne zilipita chini ya kisu.

Nilimwona alipoelewa. Mkono ulishuka wenyewe.

"Miaka kumi na tisa," akasema kwa sauti ndogo, "sijawahi kukata picha ya mtu."

"Leo umekata nne."

"Nne," akakubali.

Mimi nilikuja nimejifunga kibwebwe kwa ugomvi. Wanaume nawajua kidogo: mwanamume akikosea kwanza atakulaumu wewe, halafu hali ya hewa, halafu mama yako aliyekuzaa. Huyu alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akasema, "Nisamehe. Nilipaswa kuuliza kabla ya kukata." Basi. Hasira yangu ikabaki imesimama katikati ya duka, haina pa kukaa.

"Uliacha lenzi wazi muda gani?" akauliza.

"Dakika ishirini."

"Ulifyatua kwa waya gani wa kushikilia kitufe?"

"Waya sina. Nina kifungo cha koti na lastiki ya sketi."

Akazunguka kaunta, akaja upande wangu. "Kifungo cha koti."

"Nakiweka juu ya kile kitufe cha kamera, nazungusha lastiki, inakibana. Kamera inakaa wazi mpaka niikate lastiki. Chini naweka mto niliojaza vipande vya vitambaa, juu ya ndoo. Usicheke."

"Sicheki." Na kweli hakuwa anacheka. Alikuwa ananitazama jinsi mimi ninavyotazama mshono uliofichwa vizuri. "Nani kakufundisha?"

"Cherehani."

Nikamweleza, maana aliuliza na alikuwa anasikiliza. Mimi nashona sare za shule nyumbani kwa mama yangu. Mwezi wa pili nilinunua begi kuukuu la ngozi kwenye mtumba, nikitaka ngozi yake, nikate pochi. Nilipofungua zipu ya ndani nikakuta kamera, nzito kama tofali, na filamu mbili ambazo hazijatumika. Na jioni nasoma, namalizia masomo niliyoyaacha nilipobeba mimba. Mwalimu wetu wa jiografia alisema kwamba dunia inazunguka sasa hivi, tukiwa tumekaa, na kwamba ukiiacha kamera wazi uani, nyota zenyewe zitakuchorea mzunguko huo.

"Na wewe ukataka kuuona," akasema Bwana Giza.

"Mimi nimekaa palepale miaka mitatu. Mume aliondoka, mimi nikakaa. Mtoto anakua, mimi nimekaa. Nikasema, kama kweli dunia inazunguka na mimi nikiwa juu yake, nataka ushahidi."

Nje pikipiki ilipita, vioo vikatetemeka kwenye fremu zake, maharusi wote wa ukutani wakatikisika kidogo.

"Filamu ya pili," akasema mwishowe, "anza na picha moja ya mchana. Yoyote. Nikiona ukingo wake najua pa kuweka kisu."

"Picha ya nini?"

"Chochote chenye mwanga."

Nikaitoa kamera kwenye mkoba, filamu mpya ikiwa ndani tayari. "Basi simama hapo mlangoni."

"Mimi?" Mikono yake ikatafuta pa kwenda. Miaka kumi na tisa anawaambia watu inua kidevu, tulia, usipepese macho, kumbe mwenyewe hajui kusimama. "Mimi si mtu wa kupigwa picha."

"Inua kidevu," nikamwambia. "Tulia. Usipepese macho."

Alipepesa.

*

Alikuja kwetu Jumanne, saa moja na nusu jioni, kwa mlango wa mbele, amevaa shati lililopigwa pasi upande mmoja. Begani alibeba miguu mitatu ya kusimamishia kamera. Akamwamkia mama shikamoo, akasema, "Mama, mimi ndiye niliyeharibu picha za binti yako. Naomba ruhusa nisimame uani kwako nirekebishe."

Mama alimpima kuanzia viatu hadi kichwani. "Uani hakuna kiti kizima," akasema. Kwa mama yangu, hiyo ni karibu sana.

Siku hiyo mawingu yalifunga, hatukupiga hata picha moja. Tulisimama saa nzima tukingoja mbingu. Akanionyesha kwenye lenzi ile alama ya nane iliyolala, kwamba ukifika hapo kamera inaona mbali kuliko vyote. Nami nikamwonyesha jinsi ya kushika kifungo ili lastiki isiteleze. Vidole vyetu viligusana mara moja. Sikuvitoa upesi, naye hakuvitoa upesi, na hayo ndiyo yaliyotokea, hayakuzidi hapo.

Lakini ng'ambo ya ukuta wetu anakaa mpishi wa shule ambaye mtaa mzima humwita Redio. Habari nazo hazikuzidi siku mbili kumfikia kaka.

Alhamisi narudi kutoka kununua uzi, nakuta ngazi imeegemezwa ukuta wa uani. Juu yake yuko kaka yangu, bisibisi imebanwa kwa meno. Kaka ni fundi umeme. Hana mke bado. Anasema ndoa ni waya usiojua unakotokea.

"Hiyo nini, kaka?"

"Taa."

"Naona ni taa. Ya nini?"

"Usalama."

"Mwizi gani ameingia humu?"

Akatoa bisibisi mdomoni. "Yule anayeingia kwa mlango wa mbele na kuamkia shikamoo."

Nikaweka uzi chini.

Ilikuwa ile taa kubwa bapa wanayofunga kwenye maghala. Akaiwasha kuijaribu, na ingawa jua halijazama, ukuta wa Redio uling'aa kama sahani. Usiku taa ile ingefuta nyota zote kuanzia kwetu mpaka barabara kuu.

"Nitapigaje picha?"

"Hutapiga." Akashuka, hatua kwa hatua. "Mdogo wangu, nikae nikutazame tena? Mimi ndiye niliyekuja kukuchukua pale alipokuacha yule mtu. Mtoto mgongoni, masanduku mawili, umekonda kama sindano ya cherehani yako. Njiani uliniambia nini? 'Kaka, sitaki tena mwanamume.' Ndiyo au siyo?"

"Nilisema."

"Nikakujengea ile meza ya kushonea. Nikakuandikisha masomo ya jioni. Leo mwenye duka la paspoti, analala nyuma ya kaunta, kazi yake imeshakufa na yeye peke yake ndiye hajapewa taarifa ya msiba, huyo ndiye wa kukusimamisha gizani?"

"Nilisema nikiwa nalia, kaka. Mtu akilia usimwandikishe mkataba."

"Mama!" akaita. "Sema naye!"

Mama alikuwa mlangoni anachagua maharage. "Mimi nawasikiliza wote wawili. Masikio ninayo mawili, kila mmoja amepata lake."

"Swichi iko wapi?" nikauliza, maana nilikuwa naitafuta ukutani bila kuiona.

Kaka akakusanya vifaa vyake. "Chumbani kwangu."

Hapo ndipo kitu ndani yangu kilisimama wima. Taa ningeivumilia. Kwamba mtu mwingine alale na swichi ya maisha yangu karibu na mto wake, hilo hapana.

Kesho yake nilikwenda dukani. Nilitaka kumpa njia ya kutokea, kwa heshima, kabla hajaitafuta mwenyewe.

"Kaka ameweka taa," nikasema.

"Nimeisikia. Wateja wawili wameniambia, mmoja amenichorea."

"Ukitaka kuacha, mlango ndio huu. Sitakulaumu."

"Mama Kidoti," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitabasamu meno yote, "mimi nina miaka kumi na tisa kwenye kazi ambayo kila anayeingia humu ananiambia niiache. Kama kuna kitu nakijua, ni kubisha."

*

Usiku huo, mwanangu Kidoti akiwa amelala miguuni pangu na kile kidoti chake shavuni, nilikaa kwenye cherehani. Nilikuwa na drili nyeusi iliyobaki kwenye suruali za wanafunzi wa ufundi, kitambaa kigumu kisichopitisha hata tetesi. Vipimo vya taa nilishavichukua mchana: upana, kimo, mzingo. Nikashona tabaka mbili, nikaweka bitana, nikapitisha kamba ya kukazia shingoni. Taa za siku hizi hazipati moto sana, lakini nyuma niliacha nafasi ipumue. Mimi si mjinga, na kaka yangu amenifundisha vya kutosha.

Jumamosi mchana kweupe nikaegemeza ngazi nikapanda.

Kichwa cha Redio kikatokea juu ya ukuta. "Mama Kidoti! Unafanya nini na taa ya watu?"

"Naivalisha."

"Taa inavaa?"

"Imekaa uchi tangu Alhamisi, jirani. Ni aibu."

Alicheka mpaka akatoweka nyuma ya ukuta. Mama alinishikia ngazi bila kusema neno, lakini aliishika.

Saa mbili usiku mbingu ilikuwa safi kama shuka lililofuliwa. Kaka alikuwa ameitwa kutengeneza jenereta ya zahanati. Taa aliiacha inawaka, swichi chumbani, mlango umefungwa kwa ufunguo. Chini ya gauni lake ilibaki kuwa mstari mwembamba wa mwanga ukutani, haikumsumbua mtu. Bwana Giza, safari hii amevaa koti, alisimamisha miguu mitatu katikati ya uwanja. Nikaelekeza lenzi kwenye zile nyota tatu zilizopangana mstari mmoja, nikageuza mpaka kwenye nane iliyolala, nikaweka kifungo, nikazungusha lastiki.

"Mbona hujaja na waya wako wa kufyatulia?" nikamwuliza.

"Ninao mfukoni. Napenda kifungo."

Dakika arobaini, tulikubaliana. Mama alimpeleka Kidoti kitandani. Tukabaki tumesimama kila mmoja upande wake wa kamera, tusiitikise hata kwa pumzi. Gizani watu hawawezi kutupiana macho. Kwa hiyo tulisikilizana. Nikasikia anavyomeza mate kabla ya kusema jambo.

"Mimi si kijana sana," akaanza.

"Nimeona."

"Nina duka, na chumba kimoja nyuma ya duka. Kitanda kimoja kibovu."

"Unaniuzia?"

"Nakuambia kabla hujauliza." Nikasikia akikuna kidevu. "Mtoto ni wako, najua. Sitaki umwambie aniite baba. Ataniita atakavyo. Lakini ningependa aje dukani aone picha inavyotoka majini. Watoto hupiga kelele ile sura inapoanza kutokea. Mimi mwenyewe bado napiga."

Nilitaka kujibu. Nilikuwa na jibu tayari, nimelikunja vizuri tangu Jumanne. Ndipo lango la mbele likabamizwa.

Hatua za kaka nazijua. Zilipita sebuleni, zikapita jikoni, zikasimama kwenye mlango wa uani. Alitazama kamera. Alitutazama. Akatazama taa yake ya ghala imevaa drili.

"Umeishonea?" Sauti yake ilikuwa ya mtu asiyejua akasirike au ashangae.

"Kaka, zimebaki dakika kumi na nne tu. Nakuomba. Tukimaliza nitukane mpaka asubuhi."

Akachukua fagio la mti mrefu, lile la kuondolea utando wa buibui, akalinasa lile gauni kwenye kamba, akavuta.

Mwanga ulituangukia kama maji ya ndoo. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua, kitu cha kwanza nilichoona ni Bwana Giza bila koti. Alikuwa amelivua na kulitupa juu ya kamera yangu, na kwa mkono mmoja ameibana nalo kifuani pake, lenzi imefichwa, kama mtu aliyemkinga mtoto na mvua. Uso wake mwenyewe aliuacha hapo hapo, kweupe, macho yanamchuruzika kwa ule ukali, na madirisha ya jirani yanafunguka moja baada ya jingine. Hakujaribu kuuficha.

"Haya!" kaka akapaza sauti. "Mtaa mzima, mwoneni!"

Kwa siku nne niliogopa dakika hiyo. Nililala nayo, nikaamka nayo. Na sasa ilikuwa imefika, imetuzunguka pande zote, na mimi nilikuwa bado napumua. Nikapiga hatua tatu, nikaushika ule mkono wake uliokuwa mtupu.

"Achia mkono," kaka akasema.

"Siachii."

"Watu wanaona!"

"Si ndiyo kazi ya taa? Umeiweka waone, acha waone. Redio!"

"Abee!" Alikuwa ameshapanda kitu, mabega yote yako juu ya ukuta.

"Unaona vizuri?"

"Naona, mwanangu, hadi vifungo!"

"Basi tangaza. Huyu ndiye niliyemchagua. Hakunirubuni, hakuniroga, hakunikuta nalia. Nimemchagua nikiwa nimeshiba na akili zangu ziko kichwani."

Mkono wa Bwana Giza ukakaza. Hilo ndilo lilikuwa jibu langu. Nilikusudia kulisema taratibu, gizani, sikioni mwake. Limesikiwa na nyumba sita.

"Shemeji," akaanza kumwambia kaka, "mimi..."

"Usiniite shemeji!"

"Sawa, fundi."

Dirisha moja likacheka. Kaka akaliegemeza fagio ukutani, likaanguka, akaliacha. Alipozungumza tena alizungumza na mimi tu, na ukali ulikuwa umemtoka.

"Na akikuacha kama yule? Nije tena na masanduku mawili?"

"Akiniacha nitalia," nikamwambia. "Nikimaliza nitashona. Kaka, uliponiokota sikuwa hata na nguvu za kutembea, na sitalisahau hilo mpaka naingia kaburini. Lakini ulinibeba ili univushe. Hukunibeba ukaniweke stoo."

Alinitazama, akautazama mkono wangu ulipokuwa, akatazama ile drili chini, mshono wake wa tabaka mbili. Fundi ni fundi. Niliona jicho lake likifuata ile kamba ya kukazia.

Mama akatokea mlangoni. "Hiyo taa inaniumiza macho. Kaizime."

"Mama, unakubali mambo haya?"

"Nimesema nakubali? Nimesema kaizime."

Kaka akaingia ndani. Tulisikia ufunguo ukizunguka kwenye kitasa cha chumba chake, mlango ukafunguka. Taa iliendelea kuwaka. Vivuli vyetu na vya ile miguu ya kamera vililala ukutani vimeungana, kiumbe kimoja chenye miguu saba.

"Unadhani atazima?" Bwana Giza akaninong'oneza.

"Sijui."

"Na asipozima?"

"Tutasimama hapa hapa."

Tukasimama. Koti juu ya kamera, mkono ndani ya mkono, madirisha yote wazi. Mama alitutazama kwa muda, kisha akaingia jikoni, akarudi na viti viwili.